Farasi wa Meja na Koplo Aliyelala Kazini

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya mifugo, Tororo, Dakta Obbo aliniketisha mbele ya hadubini, akaweka tone la damu ya mbuzi juu ya kioo, akaniambia nisiinuke mpaka nione kitu kinachotembea. Sikuwa nimezoea kukaa. Mimi ni mtoto wa dereva wa lori, na nyumbani kwetu mtu alikuwa ama anafika ama anaondoka. Niliona chembe nyekundu, tele, zimetulia. Macho yakaanza kuwasha. Halafu kundi moja la chembe likatikisika, kama watu sokoni wanaopisha mwizi. Kilichozisukuma sikukiona mara ya kwanza. Mara ya pili nikakiona: chembamba, kinajipindapinda kama samaki aliyetolewa majini.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Dakta."

"Basi huyo ndiye mwajiri wako. Mimi ni karani wake tu."

Nyinyi vijana mnaobaki kazini mmeniomba niandike habari za miaka yangu. Vyeo na mishahara tuviache. Nimejaribu kuandika nikiwa nimeketi, nimeshindwa. Tangu nistaafu nazunguka nyumba kama mtu anayesubiri gari. Mkiona maandishi yanarukaruka, mjue mwandishi alikuwa anasimama kila mara kuchungulia barabara. Tabia hiyo niliipata kazini.

Hadubini yetu haikuwa ya umeme. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake cha kunasa jua, na tulikuwa tukiihamisha kutoka dirisha la mashariki hadi la magharibi kadiri siku ilivyokwenda. Wingu likija, sayansi ilisimama tukanywa chai. Dakta Obbo alikuwa mtu wa Mulanda, Mjopadhola, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata wakati wa joto. Alikuwa amesoma nje akarudi, na hakupenda kuulizwa kwa nini alirudi. Alinifundisha kupaka damu kwenye kioo iwe nyembamba kama ulimi wa paka, kusubiri ikauke bila kuipuliza, kuchuja rangi kila asubuhi. Juu ya yote alinifundisha kutoitazama damu kabla ya kumtazama mwenye damu. "Damu itakuambia anaumwa nini," alisema. "Mnyama mwenyewe atakuambia ugonjwa umefika wapi."

Nilimwelewa tulipokwenda kijiji cha Molo, kwa mzee mmoja aliyekuwa na ndama anayezunguka. Ndama yule alizunguka upande wa kushoto tu, kichwa kimeinama, mpaka akachimba mfereji kwa kwato zake. Familia nzima ilikuwa imesimama mbali, maana walishaamua kwamba jirani amemroga. Dakta akapapasa tezi chini ya masikio, akatoa kupe watatu, akawaweka kwenye chupa. Ndama akafa siku ile ile. Dakta akaomba ruhusa ya kufungua fuvu, akalikata kwa msumeno wa seremala, akachukua kipande cha ubongo kidogo kuliko punje ya mtama, akakiponda kati ya vioo viwili. Tulipokipaka rangi tuliona mishipa midogo ya ubongo imezibwa na chembe zilizojaa vimelea. Ilikuwa ndigana, ile ya kupe, iliyopanda kichwani. Ukoo mwingine kabisa na yule kimelea aletwaye na nzi mbung'o, niliyemwona kwa mbuzi, lakini njia yao ya kumfanya mnyama aonekane mwendawazimu inafanana.

"Kwa hiyo si jirani," mzee akasema.

"Si jirani."

"Nilikuwa nimeacha kumsalimia."

"Anza leo," Dakta akamwambia, akafunga msumeno wake kwenye gazeti.

Basi kazi ilikuwa hivyo, ya kuchosha na ya kufurahisha, mpaka nchi ilipobadilika. Wanajeshi walikuwa wameshashika serikali, halafu Wahindi wakafukuzwa, na maduka tuliyonunulia vioo, rangi na spiriti yakafungwa. Tulianza kuosha vioo vilivyotumika na kuvitumia tena mpaka vikapata mikwaruzo, na mkwaruzo kwenye hadubini unafanana vibaya sana na kimelea. Wapuliza dawa ya mbung'o hawakuja tena. Mashamba ya pamba yaliachwa, kichaka kikasogea mpaka nyuma ya majiko, na mbung'o wakasogea nacho. Ng'ombe walianza kukonda. Kisha ng'ombe walioonekana wazima wakawa na vimelea damuni. Kisha tukaanza kusikia habari za watu wanaolala mchana na kutangatanga usiku, wanaotukana wake zao bila sababu, na wengi walipelekwa kwa waganga au wakafungwa kamba.

Mjini watu waliacha kuketi barazani. Sote tulijifunza kutambua magari kwa sauti. Nilikuwa naweza kuwa na jicho kwenye hadubini na sikio barabarani, na Landrova ya jeshi ikipinda kona ya kwetu nilijua kabla haijaonekana.

Siku moja ilipinda kona na haikupita. Walimtaka Dakta, na walimtaka mtu anayejua Kiswahili. Dakta alikijua cha kusomea, kinachokwenda polepole, na kambini hawakuwa na subira. Mimi, Zaituni binti wa dereva, niliyezaliwa nyumba ya Waislamu wa mjini na kukulia katika Kiswahili cha barabara ya Malaba, nikapakiwa pamoja na sanduku la hadubini ili niwe mdomo wake.

Meja aliyetuita simtaji jina. Ana wajukuu na hawana kosa. Alikuwa amejitwalia shamba nje ya mji ambalo mwenye nalo alifukuzwa, na ndani ya shamba akamkuta farasi. Jumamosi alimpanda kupitia mjini, nasi tulisimama kando tukitazama miguu ya farasi badala ya uso wa mpandaji. Sasa farasi yule alikuwa amesimama nyuma ya banda, paji la uso limegandamizwa ukutani kana kwamba anausukuma. Tumbo chini limevimba. Jicho moja lina ukungu mweupe. Alipojaribu kugeuka, miguu ya nyuma ilipishana akayumba. Kamba yake ilishikwa na askari mmoja kijana, Koplo Drani, mtu wa upande wa Arua. Koplo alikuwa amelala. Alikuwa amesimama wima, ameegemea nguzo, na amelala.

"Nani natia sumu farasi yangu?" Meja aliuliza. Hakupaza sauti. "Mimi najua nani. Hii koplo. Kila saa nakuta yeye nalala. Mtu nalala kwa sababu gani? Kwa sababu napewa kitu na adui."

Drani alizinduka, akapiga saluti kwa mkono wenye kamba. "Mimi hapana tia sumu, afande. Mimi nalala tu. Sijui kwa nini nalala."

Dakta alimzunguka farasi, akapapasa tezi, akatazama ufizi. Farasi akampiga teke likapita karibu na goti. Ng'ombe hupiga teke kwa sababu. Farasi hupiga teke kwa sababu amekumbuka jambo. Ni Drani tu aliyeweza kumshika sikio nikatoa tone la damu. Niliweka hadubini juu ya boneti ya Landrova, nikaelekeza kioo juani, nikainama. Sikuhitaji kutafuta. Walikuwa wamejaa, wanachapa chembe kila upande.

Meja akasema anataka kuona. Akavua kofia, akainama, akakaa pale.

"Hii nacheza," alisema.

"Ndiyo, afande," nikamwambia. "Ndio wanaomuua."

Dakta akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile aliyotumia maabara: "Mwambie ni nagana, ugonjwa wa mbung'o. Imeletwa na nzi, haikuletwa na mtu. Na mwambie imeshafika kwenye ubongo." Nusu ya kwanza niliitafsiri mara moja. Nusu ya pili niliishika mdomoni kidogo, halafu nikaitoa.

"Tibu," Meja akasema.

Wakati huo mimi nilikuwa namtazama koplo. Alikuwa anamrudisha farasi kivulini, na wote wawili walitembea sawasawa, wakiburuta miguu, wakiyumba upande mmoja. Koplo alijikuna mkono mpaka ngozi ikaacha unga. Shingoni, nyuma, palikuwa na uvimbe mdogo. Nilipogeuka nikaona Dakta naye anatazama pale pale.

"Chukua damu ya koplo," akaniambia.

Nilimwambia Meja kwamba tunahitaji damu nyingine ya kulinganisha. Drani akanipa kidole bila kuuliza. Katika damu ya mtu huwa wachache, unaweza kutazama asubuhi nzima usikute kitu. Mimi nilimkuta mmoja haraka, kisha wa pili. Dakta akatazama, akafuta lenzi kwa ncha ya shati, akatazama tena. Kisha akaanza kusema nami nikawa natafsiri: kwamba koplo hakulala kwa uvivu wala kwa hongo, ana malale, ugonjwa wa usingizi ulioletwa na mbung'o wa malisho yale yale, kwamba farasi lazima aletwe maabara atibiwe, na kwamba mlinzi wake lazima aje naye, kwa sababu farasi hamkubali mtu mwingine. Hilo la mwisho Meja alikuwa ameliona kwa macho yake.

Alivaa kofia. "Chukua wote. Siku farasi nakufa, wewe daktari na hii koplo nakuja kwangu pamoja."

Njiani nilimuuliza Dakta kama farasi atapona.

"Hapana."

"Na koplo?"

"Anaweza. Dawa yake imekwisha huku. Hospitali ya ng'ambo, Kenya, wanayo."

Basi tukawa na muda ule ambao farasi angeweza kusimama, na hakuna aliyejua ni mrefu kiasi gani.

Ile dawa ya unga wa manjano tunayowachoma ng'ombe ingemuua farasi mapema. Kabatini tulibaki na dawa nyingine kidogo, suramini, na Dakta alimchoma nayo mshipa wa shingo, polepole, huku Drani akimsemesha kwa lugha ya kwao. Homa ilishuka. Farasi akala. Wenzangu wa maabara walianza kutabasamu, Dakta akawakatisha: "Imesafisha damu. Kichwani haifiki." Tulimtengenezea mbeleko ya turubai la lori, tukaifunga kwenye magogo ya zizi la kuchanjia, ili miguu ikishindwa asilale chini, maana farasi mgonjwa namna hiyo akilala chini hainuki. Kila asubuhi nilikimbilia zizini kabla ya kuvua ushungi wa njiani. Kila Landrova ilipopita nilihesabu wenzangu. Chai ilipoa mezani.

Drani alilala chini ya pua ya farasi. Alipokuwa macho alikuwa mpole, ila alisahau maneno katikati ya sentensi. "Kwetu hapana farasi," aliniambia. "Mimi naona yeye mara ya kwanza, nafikiri hii ni ng'ombe ya wazungu. Sasa hii ndiyo rafiki yangu hapa Tororo. Wengine naogopa nguo yangu."

Nilimwogopa pia, kwa kweli, mpaka siku aliyoshindwa kufunga kamba ya kiatu akaanza kulia.

Nilikwenda kwa Baba. Alikuwa anapakia ngozi kavu za kupeleka Busia.

"Askari," alisema. "Unataka nibebe askari. Baada ya yote."

"Mgonjwa, Baba."

Aliendelea kufunga kamba za mzigo, fundo moja, fundo jingine. Sikumsihi. Mwisho akasema, "Mwambie mama yako atoe kanzu yangu ya Ijumaa. Na kofia. Buti zake zibaki huku."

Dakta Obbo alitusindikiza mpaka nyuma ya zizi. Alinipa jina la mwenzake aliyesoma naye, Bwana Egesa, ofisa wa mifugo Busia ya Kenya. "Ukivuka usirudi," akaniambia. "Egesa atakupa hadubini na kazi."

"Na wewe, Dakta?"

"Farasi bado anasimama," alisema, na akageuka kumtazama farasi kana kwamba mimi nimeshaondoka.

Tulifika Busia siku ya soko. Msongamano wa watu wenye mikungu ya ndizi na mafungu ya samaki ulikuwa umejaa mpaka kwenye kizuizi cha mpakani. Drani alikaa kati yetu ndani ya kanzu ya Baba, kichwa begani kwangu, amelala. Nilikuwa nimemwambia asifungue mdomo. Sajini mmoja alikuja dirishani kwa Baba, akauliza mzigo, akauliza karatasi, halafu akamnyooshea kidole yule wa katikati.

"Na huyu nani?"

"Mwanangu," Baba akasema. "Anaumwa."

"Wewe," sajini akaita. "Wewe, amka."

Drani alifumbua macho, akaona vazi la kijeshi dirishani, akanyoosha mgongo na kupiga saluti. Ilikuwa saluti safi, kiganja kimenyooka kwenye ukingo wa kofia ya Baba. "Koplo hapa, afande," akasema.

Baba hakuondoa mikono kwenye usukani. Mimi nilitazama mbele, kwenye kile kipande cha barabara ambacho tayari kilikuwa Kenya, mwanamke mmoja pale akipanga nyanya. Sajini alipanda kwenye kidato cha lori akaingiza kichwa ndani. Alimtazama Drani machoni, akatazama mikono iliyokwaruzwa. Drani alikuwa ameshaanza kusinzia tena, mkono bado uko kwenye saluti, ukishuka taratibu.

"Huyu nalala namna hii tangu lini?"

Nilijibu mimi. "Tangu masika. Anajikuna. Anasahau."

"Natembea kama mlevi?"

"Ndiyo."

Sajini akashuka kidato. Akasema kwa sauti ya chini sana, akitazama ngozi zetu badala yetu, "Kaka yangu iko hivyo. Nyumbani nasema mapepo. Nyinyi napeleka huyu wapi?"

Nikamtajia hospitali, na jinsi ya kufika. Nikamwambia awahi, kwa sababu ugonjwa ukishafika kichwani dawa yenyewe ni kali. Alirudia jina la hospitali mara mbili kama anayejifunza sala. Kisha akapiga bodi ya lori kwa kiganja, na kizuizi kikainuliwa.

Hospitalini walimtoa Drani maji ya uti wa mgongo, na mle ndani vimelea walikuwemo. Dawa ya hatua hiyo ina sumu ya aseniki. Wagonjwa walisema ni kama kuchomwa maji ya pilipili mshipani, na baadhi yao iliwaua yenyewe. Drani alitetemeka kitandani mpaka kitanda kikatembea. Wiki kadhaa baadaye niliingia wodini nikamkuta ameketi, anamuuliza muuguzi nani amemvalisha kanzu.

Habari za Tororo aliniletea Baba. Alizungumza amesimama karibu na lori, injini inanguruma, hakutaka kuizima. Farasi alikufa ndani ya mbeleko yake, asubuhi. Dakta Obbo alimfungua fuvu, akatoa kipande, akapaka vioo, akaviacha vikauke. Wenzangu walimsihi apande gari avuke. Aliwauliza: Meja akija akamkosa, atamchukua nani? Akanawa mikono mpaka viwiko, akafunga kifungo cha shingoni, akatembea mwenyewe kwenda kambini kutoa taarifa kwamba mgonjwa amekufa na kwamba mlinzi wake ametoroka bila msaada wa mtu yeyote.

Hakurudi. Mkewe alikwenda kambini akaambiwa hakuna mtu kama huyo aliyefika. Alikwenda tena akaambiwa asije tena.

Nilifanya kazi kwa Bwana Egesa mpaka utawala ule ulipoanguka. Nilipewa meza nzuri na hadubini ya taa, lakini nilifanyia kazi dirishani, wima, kwa sababu dirisha lilielekea barabara inayotoka mpakani. Watu walikuja kwa wingi kupimwa damu, kutoka Busia, Malaba, vijiji vya katikati, wengine wakisukumwa kwenye baiskeli. Yule sajini alimleta kaka yake. Hakuvaa vazi la jeshi, nikamtambua kwa sauti. Kaka alipona.

Niliporudi Tororo, maabara ilikuwa kuta. Hadubini imekwenda, kabati limekwenda, zizi limegeuzwa kuni. Drani alirudi nami. Sikio lake moja lilikuwa limekufa na hakutaka tena kushika bunduki. Tulipoifufua maabara tulimwajiri kuwatunza wanyama wa majaribio, na wengi wenu mlimkuta hapo, mkamwita Mzee Drani. Alifanya kazi wiki moja, kisha akaniambia hawezi kuendelea kabla hajaenda Mulanda.

"Kusema nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Kwenda tu."

Mke wa Dakta, Mama Athieno, alikuwa nje anapepeta wimbi. Alinitambua, akaniita mwanangu, akatuletea vigoda. Sikukaa. Nilimweleza huyu ni nani: kwamba huyu ndiye koplo. Drani alisimama mbele yake, kofia mikononi, akafungua mdomo na maneno hayakutoka, nami nikajua safari hii si kwa sababu ya ugonjwa.

Mama Athieno aliweka ungo chini. Alimtazama kuanzia miguuni mpaka usoni, bila haraka, jinsi mumewe alivyokuwa akimtazama mnyama kabla ya kugusa.

"Sasa unalala vizuri?" akamuuliza.

"Nalala usiku, mama. Mchana siko nalala tena."

"Na unatembea sawa?"

"Natembea sawa."

"Tembea nione."

Drani alitembea kutoka kwenye ungo mpaka kwenye mlango wa jiko, akageuka, akarudi. Mama Athieno alimfuata kwa macho mpaka aliposimama.

"Haya," alisema, akijifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Ingieni ndani, mle chakula."